Marieta Achukua Shikamoo Yake

Ukifika Basotu siku ya mnada na njaa yako, huna haja ya kuuliza hoteli iko wapi. Fuata harufu ya perege wa kukaanga. Itakupeleka mpaka kwa Mama Helena, kwenye jengo la bati lenye madirisha ya bluu, hatua chache kutoka uwanja wa ng'ombe. Atakayekuja na jagi na beseni kukunawisha mikono ni mwanamke mrefu mwenye mwanya na haraka zake. Huyo ndiye Marieta Pascal wa Endasak, na habari zake zimeshasimuliwa vibaya vya kutosha. Kuna wanaosema alimtukana mzee wa watu mbele ya wageni. Uongo mtupu! Hakumtukana mtu. Alidai kitu chake tu, akapewa.

Marieta alikuja Basotu miaka mitano iliyopita. Mumewe aliaga kuwa anakwenda migodini Mererani kwa miezi mitatu, na hiyo miezi mitatu haijaisha mpaka leo. Akamwacha mtoto wake, Mary, kwa mama yake mzazi kule Endasak, akaja kutafuta kazi huku kando ya ziwa. Mama Helena akampa aproni, akamwonyesha meza, akamwambia, "Cheka na wateja." Hakumwambia wateja nao watacheka naye vipi.

Wiki ya kwanza tu dereva wa trekta wa mashamba ya ngano alimshika kiuno. Siku mbili baadaye mchuuzi mmoja alimuuliza, mbele ya watu, kama na yeye anauzwa kwa sahani au kwa kipande. Marieta alikimbilia jikoni akalia pembeni ya jiko. Lucia, mpishi, mama wa makamo mwenye mikono iliyojaa alama za mafuta ya moto, hakumbembeleza.

"Utalia mpaka mchuzi uzidi chumvi," alisema. "Mimi nimehudumu meza miaka mingi kabla ya kuingia humu jikoni. Sikia nikwambie dawa. Mpe shikamoo."

"Hata kama si mzee?"

"Hasa kama si mzee! Mtu wa miaka arobaini na moja, mpe. Kwa sauti, na goti likunjwe kidogo. Akishaitikia marahaba, mkono utarudi wenyewe."

Marieta alidhani ni utani. Lakini huku kwetu salamu si mchezo. Mtoto akipita bila kumwamkia mkubwa, wanauliza amelelewa na nani. Na mkubwa akiamkiwa akanyamaza, wanauliza ana nini na huyo mtoto. Sasa mwanaume aliyekwisha kuitikia marahaba mbele ya meza nzima ameshakuwa baba. Mkono wa baba utaupeleka wapi tena? Akamjaribia yule mchuuzi wa sahani na kipande. "Shikamoo baba!" Hoteli nzima ikageuka. Jamaa akameza mate, akasema "Marahaba" kama mtu aliyekabwa na mwiba, akala ugali wake kimya na kuondoka. Lucia alicheka jikoni mpaka akaegemea ukuta.

Dawa ikafanya kazi, miaka ikaenda. Ila kuna kitu kilimkereketa Marieta, hasa jioni akiosha vikombe. Vijana wa rika lake hawakuingia kwenye hiyo dawa, maana humwamkii mwenzako uliyekaa naye darasa moja. Hao alikuwa anawakwepa tu, anapita upande wa pili wa meza. Na hata kwa wakubwa, alijiuliza: kwani mpaka niwe mtoto wa mtu ndipo mkono wake utulie? Nikiwa Marieta tu, haitoshi? Siku moja alimuuliza Lucia.

"Maswali ya hivyo hayaivishi maharage," Lucia alijibu. Lakini siku hiyo maharage yaliungua kidogo.

Halafu kulikuwa na Agustino.

Agustino alikuwa mnunuzi wa ng'ombe, mtu mkubwa pale mnadani. Kila mnada alikuja na fuso mbili na watu wake wapakiaji, kumi na zaidi, na wote walikula kwa Mama Helena. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na sita, lakini nywele zake, kwa rangi ya piko, zilidai bado zina thelathini. Vijana wa kiume wakimwamkia njiani, aliitikia kwa kifua mbele. Watoto wa shule wakimwamkia, alisimama kabisa apokee. Akina mama wa sokoni, vilevile. Ila wahudumu wa hoteli, hapana! Hao aliwakatalia.

"Usinizeeshe bwana," alimwambia Marieta siku ya kwanza. "Mimi niite Agu."

"Shikamoo baba."

"Nimesema niite Agu!" Na mkono ukaja kiunoni.

Ikawa hivyo kila mnada. Marieta anatoa shikamoo, Agustino haitikii, mkono unakuja. Ilikuwa dawa iliyokutana na ugonjwa uliokwisha kuizoea. Marieta akaanza kuvaa sweta mbili kila mnada, na haikuwa kwa sababu ya baridi. Mwishoni alijikaza, akaenda kaunta kumweleza Mama Helena.

Mama Helena alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liwekwe wazi. Alikuwa mwanamke aliyeijenga hoteli ile kutoka sufuria moja.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema.

"Mama, huu mkono mimi siwezi kuubusu. Na nyinyi kwenu si mna kikao cha wanawake? Umenisimulia mwenyewe."

Kweli alikuwa amemsimulia. Mama Helena ni mtoto wa wafugaji wa uwandani, na kwao, tangu enzi za bibi zake, mwanaume akimkosea mwanamke kwa jambo la aibu, wanawake hukusanyika wenyewe. Wakishakaa, hakuna mwanaume anayesogea, na hukumu yao wazee wa kiume hawaivunji. Mkosaji hutoa ng'ombe dume bila ubishi.

"Kile ni kikao cha boma," Mama Helena alisema. "Boma halina wateja. Sikia mwanangu. Agustino akiondoka anaondoka na wale watu wake wote, na mimi nitafunga. Kwa hiyo ukimfukuza yeye, ujue umejifukuza na wewe."

Marieta akarudi kwenye meza zake. Alimfikiria Mary, ambaye sare zake na madaftari yake vilitoka kwenye aproni hii. Akafunga mdomo. Mvumilivu hula mbivu, alijiambia, ingawa Lucia alikuwa na jibu lake kwa methali hiyo: "Mbivu nyingine zina funza."

Mnada wa mwezi wa saba ulikuja na upepo wa baridi na vumbi. Agustino aliingia hotelini saa sita mchana, na siku hiyo alikuwa na wageni wawili wa heshima, wanunuzi kutoka Singida. Mtu akiwa na wageni huwa anataka kuonekana. Alikaa meza ya katikati, akaita kwa kugonga meza. Marieta akaja na sinia lenye bakuli tatu za supu ya kongoro, inatoa moshi.

Kabla hajaweka hata bakuli moja, Agustino alishika fundo la kitenge chake kiunoni, akamvuta.

"Huyu sasa ndiye niliyewaambia," alisema kwa wageni.

Mikono yote miwili ya Marieta ilikuwa kwenye sinia. "Shikamoo baba," alisema.

"Unaona? Kila siku ananiita baba!" Agustino akacheka, fundo bado liko mkononi.

"Shikamoo baba," Marieta alirudia, kwa sauti, na goti akalikunja, supu ikacheza kwenye bakuli.

Wageni walitazama meza. Mmoja alikohoa. Agustino akaona utani wake unapoa, akauongezea moto.

"Basi labda kweli ni wangu jamani! Ujanani nilipita sana Endasak. Nenda kamuulize mama yako. Ananijua vizuri sana."

Wapakiaji wawili watatu wakacheka. Wengine hawakucheka.

Wanaosimulia kisa hiki husema Marieta alitaka kumwagia ile supu. Ni kweli, alitaka. Aliitazama, akaona ni ya moto, akaona ingetosha. Mama yake, Philomena, alimzika mumewe Marieta akiwa darasa la nne, akalima peke yake mpaka watoto wanne wakamaliza shule, na hakuna mdomo hata mmoja Endasak uliowahi kulitaja jina lake kwa mambo ya ovyo. Leo limetupwa kati ya bakuli za supu ili wageni wacheke! Hasira ilimpanda Marieta mpaka masikio yakaziba. Lakini ndani ya hiyo hasira alielewa jambo moja, na lilimuuma kuliko utani wenyewe. Miaka yote mitano alikuwa akiwapa hawa wanaume shikamoo kama mtu anayeomba. Naomba uniite mwanao, ili usinishike. Na huyu hapa alikuwa amelichukua ombi lenyewe na kumpiga nalo mama yake.

Akageuka kadiri lile fundo lilivyomruhusu, akaweka sinia kwenye meza ya jirani. Halikumwagika tone.

"Naomba shikamoo yangu," alisema.

"Nini?" Agustino aliuliza.

"Shikamoo yangu. Nimekupa mbili leo, na nyingine nyingi huko nyuma. Hujaitikia hata moja. Kama hujaitikia, hukupokea. Kama hukupokea, bado ni zangu. Nazichukua."

Jamani! Pale ndani palinyamaza mpaka ng'ombe wa uwanjani wakasikika. Watu wamesikia mtu kunyimwa shikamoo. Wamesikia mtu kuipuuza. Lakini mtu kuichukua iliyokwisha kutolewa, mchana kweupe, hakuna aliyewahi kusikia. Mzee mmoja wa mlangoni alishika kichwa chake kwa mikono miwili, kama aliyeona ukuta unaanza kuanguka.

Lucia akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Na yangu," alisema. "Yangu uliitikia, lakini naichukua hivyo hivyo."

Mama muuza maziwa mgando, aliyekuwa akipima lita mlangoni, alifunika dumu lake. "Hata mimi. Asubuhi nilikuamkia pale kwenye geti la mnada. Irudi."

Ndipo macho yote yakaenda kaunta. Mama Helena alikuwa amesimama, viganja juu ya mbao. Marieta naye alimtazama, kwa sababu kazi yake yote, na Mary, na madaftari, vilikuwa kwenye mdomo wa yule mwanamke. Mama Helena alitoka nyuma ya kaunta taratibu. Alikuwa mdogo kwa Agustino kwa miaka kama sita.

"Agustino," alisema, "mimi nimekuamkia miaka tisa. Kila mnada. Na wewe uliitikia vizuri tu, nikasema huyu mtu ana heshima. Kumbe heshima yako inaishia kwa mwenye hoteli." Akapumua. "Kwetu mwanaume akimkosea mwanamke, wanawake hukaa. Sisi leo tumekaa tukiwa tumesimama. Na mimi naichukua yangu. Sasa toa mkono kwenye nguo ya mtu."

Agustino alikuwa amesahau kwamba bado ameshika fundo. Akaliachia kama lililomuunguza.

"Mtajuta!" alifoka. "Hoteli hii mtafugia kuku!" Akatoka, na watu wake wakamfuata, wengine wakitazama nyuma kwenye supu yao. Wageni wa Singida walibaki. Mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Dada, kama ile supu haijapoa, tuletee."

Kuna kijana alikuwa amerekodi kwa simu. Kabla jua halijazama video ilikuwa imezunguka kwenye magrupu ya watsapu, ikapanda mpaka Endasak. Simu ya Marieta ikaita. Mama yake.

"Marieta, umemfanya nini mtu mzima?" Sauti ilikuwa kali. "Shikamoo inachukuliwa? Ndivyo nilivyokulea?"

"Mama, ulisikia alichosema?"

"Kwenye simu hii ya jirani ni kelele tupu. Alisemaje?"

Marieta akamweleza. Ilimbidi alitamke lile neno lote, kwa mama yake mwenyewe, na alilia akilitamka. 

"Usimrudishie," Philomena alisema, akakata.

Sasa yaliyompata Agustino, aisee, ni kama alijiandikia mwenyewe. Si alitaka kuitwa Agu? Wanawake wa Basotu wakamtimizia. Akipita sokoni, mama wa nyanya, "Mambo, Agu!" Mabinti wa mashine ya kusaga, "Niaje, Agu?" Watoto wa shule, waliofundishwa na mama zao, walipita pembeni yake kimya, mikoba mgongoni, macho mbele. Mtu wa miaka hamsini na sita! Alianza kwa kucheka, akaendelea kwa kununa, kisha akaacha kushuka kwenye gari.

Lakini tusidanganyane, hoteli nayo iliumia. Mnada uliofuata mabenchi ya katikati yalikaa wazi na perege wakabaki. Uliofuata, hali ileile. Jioni Mama Helena alihesabu fedha za droo mara mbili, kana kwamba zingeongezeka. Asubuhi moja Marieta alikunja nguo zake, akafunga begi, akaja nalo kaunta.

"Nani amekutuma ufunge mzigo?" Mama Helena aliuliza.

"Mama ulisema nikimfukuza, nimejifukuza."

"Nilisema. Halafu nikamfukuza mimi." Mama Helena alilisukuma begi kwa mguu mpaka chini ya kaunta. "Nenda kanawishe watu. Na kuanzia leo sheria ni hii, mwambie na Lucia: mkono ukigusa mtu, sahani inarudi jikoni. Awe mzee, awe kijana, awe nani."

Aliyeijaribu sheria hiyo wa kwanza alikuwa Kelvin, dereva wa trekta, rika moja na Marieta, yule aliyemshika kiuno wiki ile ya kwanza. Alikuwa katikati ya samaki wake mkono ulipotambaa. Marieta hakumkwepa, wala hakumwamkia. Alichukua sahani, na samaki wake nusu, akaondoka nayo.

"Oya sista! Samaki wangu!"

"Naitwa Marieta, na niko kazini," alisema bila kugeuka. "Weka mikono mezani, samaki atarudi."

Kelvin aliangaza huku na huku kutafuta wa kucheka naye, akamkosa. Akaweka mikono mezani. Samaki akarudi. Jioni hiyo Marieta aliosha vikombe akiimba, na Lucia hakumuuliza kwa nini.

Wapakiaji walirudi kidogo kidogo, mmoja mmoja, maana samaki wa mahali pengine hawakuwa hivyo. Na kwenye mnada wa mwezi wa kumi, mchana, Agustino mwenyewe alisimama mlangoni, peke yake. Piko ilikuwa imeisha. Nywele zilikuwa nyeupe kuanzia chini, nyeusi ncha tu, na uso wake ulionekana wa mtu fulani mwingine, baba wa watu.

"Habari za kazi, Marieta," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo.

"Nzuri. Karibu. Kuna perege na kuna supu."

Alikaa meza ya pembeni. Alisubiri. Marieta akamletea maji, akamnawisha, akamletea perege na ugali, kwa adabu zote za kazi. Kila alipokuja mezani, Agustino aliinua macho kidogo, kama mtu anayengoja aongezewe kitu. Hakuongezewa. Mikono yake ilikaa mezani muda wote. Alipomaliza alinawa, akabaki amekaa.

"Na ile shikamoo?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

Marieta alikusanya sahani kwanza. Hasira ya siku ile hakuiona tena moyoni, aliitafuta akaikosa. Alichokiona ni mtu mzima aliyechoka, na nyuma ya mtu huyo akamwona Philomena, mama yake, na jembe begani.

"Haiko kwangu," alisema. "Ipo Endasak, kwa mama. Ukienda ukamwomba radhi, yeye ndiye atakayeniambia nikupe."

Agustino aliinamisha kichwa. Lucia jikoni alikuwa ameacha kukaanga ili asikie.

"Endasak upande gani?" aliuliza mwishowe.

"Shuka kanisani, halafu panda kwa miguu. Gari halifiki." Marieta alifuta meza, akainua sinia. "Lakini si ulisema mnafahamiana vizuri? Basi hutapotea njia."